Salio la MC

Saa kumi jioni ukumbi ulikuwa bado mtupu. Vijana wa mapambo walikuwa wanavisha viti vitambaa vyeupe, fundi mitambo anajaribu spika kwa neno lake moja, "cheki, cheki", na mimi niliyepewa kitengo cha vinywaji nasubiri barafu ambayo "iko njiani" tangu saa saba. Kwenye meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni, mhazini wa kamati na MC walikuwa wanabishania salio.

MC alikuwa ameshachukua nusu. Nusu ya pili aliitaka kabla hajashika maikrofoni, kama wanavyofanya ma-MC wote waliowahi kudhulumiwa. Mhazini alikuwa nayo kwenye bahasha, lakini mkono ulikuwa hautaki kuiachia, maana fedha yote ya MC ilizidi keki na gari la maharusi vikijumlishwa. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuja na boti ya asubuhi kutoka Unguja, alikuwa amekaa hapo na chai yake. Ujanani aliimba taarabu kwenye kikundi kimoja cha mjini, na mpaka leo ana mkao wa mtu anayengoja kuitwa jukwaani. Wa nne ni mjomba wa bwana harusi, anafundisha uchumi chuoni, sote tunamwita Mwalimu. Majina nayaacha, ukoo wenyewe una masikio. Nimeandika walivyosema, nikakata pale waliporudia, na kurudia hakukuwa haba.

MHAZINI: Nieleze kitu kimoja tu, nikupe hela yako. Yule kijana wa ukumbi ana sauti, maikrofoni anaijua, jina la bwana harusi atalisoma bila kukosea. Nikimpa elfu hamsini atanishukuru mpaka Jumatatu. Wewe unataka mara arobaini. Mara arobaini ya nini?

MC: Ya grupu, Mhazini. Siku uliyoweka picha yangu kwenye grupu la michango ukaandika kwamba MC ni mimi, ahadi ngapi zililipwa jioni ileile?

Mhazini akanyamaza. Sote tulikuwemo kwenye grupu, tuliona. Watu waliokuwa wamenuna tangu Pasaka walituma hela na kuuliza kama kadi za double bado zipo.

MWALIMU: Basi umeshajibiwa. Hukununua maneno yake, umenunua kutajwa kwake. Na wewe umenunua rahisi. Januari 2023, Dubai, hoteli ya Atlantis The Royal inafunguliwa, wakamwita Beyoncé. Wageni waalikwa kama 1,500, kiingilio hakuna. Magazeti yaliandika kwamba alilipwa dola milioni 24 kwa usiku ule mmoja.

SHANGAZI: Na hao wageni hawakutoa hata senti?

MWALIMU: Hata senti, Shangazi. Wengi walilazwa hapohapo hotelini bure.

MHAZINI: Hilo mimi wala halinishangazi. Hoteli ile ina chumba cha dola 100,000 kwa usiku. Mtu wa kulala humo hasomi bango la barabarani wala hasikilizi tangazo la redio. Utamfikiaje? Unamleta mtu ambaye dunia nzima itaandika habari zake bila kulipwa. Wageni waliambiwa wasirekodi, na vipande vikazagaa kwenye simu usiku uleule. Hapo hakuna anasa. Hiyo ni bajeti ya masoko, ina mstari wake kwenye vitabu, na mkaguzi anaipitisha.

MC: Ya Beyoncé unaipitisha, ya kwangu unaikalia.

MHAZINI: Beyoncé anauza vyumba. Wewe unauza nini? Harusi ikiisha imeisha.

Hapa Mwalimu alicheka, akasema Mhazini amejifunga mwenyewe. Maana wapo walioita wanamuziki wakubwa na hawakuwa na chumba cha kuuza. David Bonderman, tajiri wa Marekani, mmoja wa walioanzisha kampuni ya uwekezaji ya TPG, alipotimiza miaka 60 mwaka 2002 aliwaita Rolling Stones Las Vegas wapige kwenye sherehe yake. Alipofika 70 akamwita Paul McCartney. Kule India familia ya Ambani ilimleta Beyoncé Udaipur mwaka 2018 binti yao alipokaribia kuolewa. Machi 2024, ilipofika zamu ya mdogo wa binti huyo, Rihanna akaimba Jamnagar, na Julai ya mwaka huohuo Justin Bieber akaimba Mumbai. Hao hawauzi vitanda. Wananunua nini?

SHANGAZI: Nyinyi mmesoma sana, ndiyo maana hamuoni. Hiyo ni tunza.

MHAZINI: Tunza ni noti ya elfu kumi, Shangazi. Hapa tunazungumza mamilioni ya dola.

SHANGAZI: Hebu nisikilize, mwanangu. Mtu akitaka kutunza hakurupuki tu kwenye kiti. Anangoja ubeti unaomgusa, au unaomgusa jirani aliyegombana naye, hapo ndipo husimama. Noti anaishika juu kwa vidole viwili, rangi yake ionekane. Anakuja taratibu, anacheza kidogo, anapita mbele ya meza ya yule anayetaka amwone, anarudi nyuma hatua mbili kama amesahau kitu, ndiyo anafika kwangu. Mimi ile noti nimeshaiona tangu alipoinuka, naimba tu. Sasa niambie. Angekuwa ananipenda mimi na sauti yangu, si angenifuata nyuma ya pazia akanitilia mkononi? Tena ningefurahi zaidi, maana ya jukwaani tunagawana na wapiga fidla, ya nyuma ya pazia ni yangu peke yangu. Miaka yote niliyoimba, waliokuja nyuma ya pazia hawafiki watano.

MC: Na watano hao walikuwa na lao.

SHANGAZI: Nyamaza wewe. Na wenye akili walikuwa wanavunja noti mlangoni. Mtu ana elfu kumi moja, anaibadilisha iwe mia tano mia tano, anainuka mara ishirini. Kesho mji mzima unasema fulani jana alitunza usiku kucha.

MHAZINI: Elfu kumi ileile, safari ishirini. Kwa hesabu ni ujanja mzuri.

SHANGAZI: Basi huyo tajiri wa Las Vegas hakuwa na noti za kuvunja, akaleta moja kubwa. Kilichobaki ni kilekile. Nani ameona?

Nilimwona Mwalimu anasogeza kiti. Alikuwa na la kusema tangu mwanzo, na lilipokuja lilikuja kwa majina ya wazungu, jambo ambalo kwenye harusi husamehewa. Thorstein Veblen, alisema, aliandika mwaka 1899 juu ya matajiri wanaotumia ili waonekane wanatumia. Shangazi ameyasema yote na amemzidi kwa mfano. Lakini kuonekana peke yake hakuelezi kwa nini bei imepaa hivi. Kwa hilo akamtaja Sherwin Rosen, mchumi aliyeandika mwaka 1981 juu ya uchumi wa nyota. Zamani mwimbaji bora alisikika mpaka ukuta wa ukumbi ulipoishia, na anayemfuata kwa ubora alikuwa na ukumbi wake mtaa wa pili, akila vizuri. Santuri, redio, televisheni na simu viliondoa ukuta. Sasa kila mtu anaweza kumsikiliza aliye bora, basi kwa nini amsikilize wa pili? Tofauti ndogo ya sauti inakuwa tofauti kubwa mno ya fedha.

MWALIMU: Mchumi mwingine, Alan Krueger, alizipiga hesabu. Mwaka 1982 asilimia moja ya wasanii, wale wa juu kabisa, walichukua asilimia 26 ya mapato yote ya maonyesho ya jukwaani. Ilipofika 2017 walikuwa wanachukua asilimia 60. Na kinyume chake sasa: wimbo wenyewe umekuwa karibu na bure. Unao kwenye simu, mpishi anao kwenye simu, mlinzi wa geti anao. Tajiri atajitofautishaje na mlinzi wake, ilhali wote wawili wanasikiliza Beyoncé yuleyule? Kilichobaki adimu ni mwili wa Beyoncé, uwe sebuleni kwako, Jumamosi fulani, na siyo kwa mwingine.

SHANGAZI: Mcheza kwao hutunzwa. Huyo kwao ni wapi?

MC: Ndiyo utamu wenyewe, Shangazi. Wa kwao hata jirani anaweza kumpata.

Napenda kuchomeka neno hapa. Shangazi angeweza kusema zaidi na hakusema, labda kwa sababu kwao Unguja ni jambo la kawaida mno: taarabu yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza kama burudani ya tajiri mmoja ndani ya nyumba yake. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, arudi ampigie yeye na wageni wake kasrini. Muziki ule ukakaa nyuma ya milango, kwa Kiarabu, mpaka Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, na wenzake walipouimba kwa Kiswahili; yeye na kundi lake wakaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kwa hiyo tunapowacheka wa Las Vegas tukumbuke tumeanzia wapi. Tofauti ni kwamba mlango wa kasri ulikuja kufunguka.

MC naye alikuwa na lake, na ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekaa karibu na biashara kuliko sisi wote.

MC: Mnasahau Wakongo. Kinshasa mtu hangojei harusi. Anamlipa mwanamuziki jina lake litajwe ndani ya wimbo. Wao wanaita libanga, yaani jiwe, mwanamuziki anakutupia jiwe. Wimbo mmoja unaweza kuwa na majina kuliko daftari la wapiga kura: mfanyabiashara wa almasi, mbunge, mke wa fulani, dalali wa Paris. Nasi tukaiga. Wale mapedeshee wa bendi za dansi hapa Dar, neno lenyewe limetoka huko, PDG, mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa. Bendi inapiga, mtu anaingia na msafara wake, jina linatajwa, anamwaga hela. Sasa mniambie kipi cha akili zaidi. Wa Las Vegas aliwapata Rolling Stones usiku mmoja, wakaondoka. Pedeshee jina lake bado linapigwa kwenye baa hata kama yeye gari limeshauzwa.

MHAZINI: Hata kama anadaiwa kodi ya nyumba.

MC: Hasa kama anadaiwa kodi ya nyumba.

Barafu ikafika. Niliposhughulika nayo kidogo na kurudi, walikuwa wameshahama kutoka kwenye nyimbo wameingia kwenye hotuba, na sauti ya Mhazini ilikuwa imepanda. Hotuba ni uwanja wake. Anafanya kazi kwenye ofisi ambayo kila Desemba hukodi mhamasishaji.

MHAZINI: Nyimbo nawaachia. Lakini kwenye hotuba mnasema "matajiri wanalipa" na hapo ndipo mnapokosea. Tajiri halipi. Anayelipa ni karani wa tajiri. Chukua mfano mmoja. Aprili 2014, Hillary Clinton alihutubia mkutano wa chama cha wafanyabiashara wa vyuma chakavu wa Marekani, Las Vegas.

SHANGAZI: Vyuma chakavu? Hawa wanaopita na mikokoteni?

MHAZINI: Haohao, ila wa kwao wana meli. Sasa waziri wa zamani wa mambo ya nje ana nini cha kumwambia muuza vyuma chakavu? Hana. Siku ile jambo lililokumbukwa na watu ni kwamba mwanamke mmoja alimrushia kiatu, akakwepa, akatania. Hotuba nani anaikumbuka? Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwandaaji. Ana ukumbi wa maelfu ya viti. Wanachama wametawanyika nchi nzima, kila mmoja ana yadi yake na shughuli zake, na safari ni gharama. Akiandika kwenye mwaliko kwamba mgeni ni profesa bingwa wa bei ya shaba, watakuja mia tatu, na ndio wanaojua tayari. Akiandika jina ambalo hata mke wa mwanachama analijua, watu watajaza fomu. Wadhamini nao watalipia mabanda. Jina limejilipa kabla halijapanda jukwaani. Na jambo la mwisho, hili ni siri ya kazi: mkutano ukidorora, hakuna atakayemfukuza karani aliyemleta Clinton. Aliyemleta profesa atafukuzwa.

MWALIMU: Kwa hiyo karani ananunua bima.

MHAZINI: Kwa hela ya chama. Ndiyo.

MWALIMU: Hapo nakubali. Lakini benki ya Goldman Sachs haikuwa na viti vya kujaza. Mwaka 2013 walimlipa mama huyohuyo dola 675,000 kwa hotuba tatu. Alipoulizwa kwenye televisheni Februari 2016 kwa nini alichukua fedha nyingi vile, alijibu kwamba ndizo walizompa. Obama alipotoka Ikulu akalipwa 400,000 na kampuni moja ya Wall Street kwa hotuba moja. Mshahara wake wa urais wa mwaka mzima ulikuwa dola 400,000 hizohizo. Ben Bernanke, aliyekuwa mkuu wa benki kuu yao, mshahara wake wa mwaka ulikuwa kama dola 200,000. Alipomaliza muda, Machi 2014 akaenda Abu Dhabi, na iliripotiwa kwamba siku moja tu ilimpa 250,000. Nikiona hivyo nauliza: hii ni hotuba, au ni asante?

MHAZINI: Asante ya nini? Ameshaondoka. Hana sahihi ya kuweka wala mlango wa kumfungulia mtu. Mtu mwenye akili hahongi aliyestaafu.

MWALIMU: Hahongi aliyestaafu. Anamwonyesha aliyeko ofisini kwamba kustaafu kuna neema. Leo waziri ana faili la benki mezani, hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyempa kitu. Ila anajua mtangulizi wake anakula wapi. Reagan alipotoka madarakani Januari 1989, hakumaliza mwaka, Oktoba akawa Japani, mwenyeji wake ni kampuni ya habari ya Fujisankei, dola milioni mbili, hotuba mbili fupi. Wamarekani walilalamika sana wakati ule. Sasa hivi hawalalamiki, wanauliza tu kiasi.

Mhazini hakukubali. Alisema hotuba za Goldman zilipovuja Oktoba 2016, waliozisoma wakitafuta siri ya rushwa walikuta mazungumzo ya ukumbini, maswali ya heshima na majibu ya heshima, mengi yake ya kuchosha. Mwalimu akamjibu kwamba kama maneno yalikuwa ya kuchosha basi hoja yake imezidi kuwa nzito, maana dola 225,000 kwa hotuba moja ya kuchosha zinahitaji maelezo mengine. Wakabaki hapo. Mimi nipo upande wa Mwalimu kwenye hili, ingawa najua Mhazini ana haki kwa wauza vyuma chakavu, na nadhani wauza vyuma chakavu ni wengi kuliko Goldman.

SHANGAZI: Mimi nawauliza jambo jingine. Nyote mnamsema anayelipa. Je, anayepokea? Nikiitwa kuimba na mtu mbaya, niende nisiende?

MC: Mimi huuliza kwanza ni harusi ya nani.

SHANGAZI: Baada ya kuuliza bei au kabla?

Tukacheka, na MC naye akacheka, lakini alikuwa ameguswa. Akatusimulia ya Nelly Furtado, aliyekwenda Italia mwaka 2007 akaimba dakika 45 hotelini kwa familia ya Gaddafi, dola milioni moja. Mwaka 2011 Libya ilipowaka akatangaza kwamba anaitoa fedha ile kwa hisani. Mwaka huohuo, Oktoba, mwigizaji Hilary Swank alionekana Chechnya kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtawala wa huko, Ramzan Kadyrov. Kelele zilipozidi akaomba radhi, naye akatoa malipo yake kwa hisani. Jennifer Lopez aliimba Turkmenistan mwaka 2013, rais wa huko akaimbiwa wimbo wa siku ya kuzaliwa, na watu wa Lopez wakasema wangejua mambo ya haki za binadamu huko yakoje asingekwenda.

MC: Wote wanasema hawakujua. Kazi hii haiko hivyo. Msanii mkubwa ana wakala, wakala ana mwanasheria, wanajua mpaka chapa ya maji utakayoweka chumba cha kubadilishia nguo. Utajua maji, usijue mwenyeji? Mnajua kwa nini wanakwenda? Ni kazi nyepesi. Tamasha la wazi unauza tiketi, unaogopa mvua, unapiga saa mbili na nusu, asiyependa anarusha chupa. Sherehe ya mtu ni dakika arobaini na tano, hela yote imeshalipwa, na hakuna mgeni atakayezomea kwenye sherehe ya bosi wake.

SHANGAZI: Kuimbia watu wasioweza kuzomea. Mimi ningeogopa.

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akiangalia jukwaa lililokuwa likifungwa maua ya plastiki, na nadhani ndilo neno lililobaki nami kuliko mengine yote ya jioni ile.

MHAZINI: Mimi bado swali langu ni moja, mfuko wa nani. Bonderman kalipa hela yake, aimbiwe na amtakaye. Lakini alikuwepo bwana mmoja New York, David Brooks, kampuni yake ilikuwa inatengeneza fulana za kuzuia risasi za wanajeshi. Novemba 2005 alimfanyia binti yake sherehe ya kutimiza umri, iliripotiwa kuwa dola milioni kumi. 50 Cent alikuwepo, Tom Petty, Stevie Nicks, na wazee wa Aerosmith. Sherehe ya mtoto! Mwaka 2010 mahakama ikamkuta na hatia ya ulaghai, na moja ya mambo yaliyotajwa ni fedha za kampuni kuliwa kama za nyumbani. Akafungwa miaka 17, akafia kifungoni 2016. Kila mmoja alimwangalia 50 Cent. Mimi ningeangalia vocha.

MWALIMU: Na kuna tunza inayomrudia mtunzaji usoni. Stephen Schwarzman wa kampuni ya Blackstone alitimiza miaka 60 Februari 2007, akamleta Rod Stewart. Miezi minne baadaye kampuni inauza hisa kwa umma, na maseneta wanaleta mswada wa kuwatoza kodi watu wa aina yake. Kila aliyezungumzia mswada alizungumzia ile sherehe.

MC: Akakoma?

MWALIMU: Alipotimiza 70, mwaka 2017, alimleta Gwen Stefani. Na ngamia.

Shangazi alitaka kujua ngamia wa kazi gani. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Saa kumi na mbili kasoro, gari la kwanza la wageni likaingia. MC akasimama, akapangusa koti, akanyoosha kiganja bila kusema neno. Mhazini aliitoa bahasha, akaishika mwisho mmoja naye MC akaishika mwisho wa pili, wakakaa hivyo sekunde kadhaa kama watoto wanaovutana kanga, kisha akaiachia. MC hakuhesabu. Aliitia mfuko wa ndani na kwenda kumsalimia fundi mitambo kwa jina.

Nilimuuliza Mhazini, huyo mhamasishaji wao wa Desemba iliyopita alisema nini hasa. Alifikiri sana. Akasema vocha aliisaini yeye mwenyewe, kiasi anakikumbuka mpaka senti, lakini maneno, kweli, hapana. Kulikuwa na kitu kuhusu tai na kuku. Halafu uso ukamchangamka, akatoa simu. Picha anayo. Akaitafuta kwa muda, akampa Shangazi.

Shangazi alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, kisha akairudisha karibu. Katikati alisimama yule mhamasishaji na tabasamu lake, kushoto mkurugenzi, kulia mwenyekiti wa bodi.

"Wewe uko wapi?"

Mhazini akainama juu ya bega lake, akaikuza picha kwa vidole viwili na kuisukuma mpaka pembeni kabisa.

"Hapo, Shangazi. Hilo bega."